Je, Wajua? Uvundo wa Skanki Hurudi kwa Maji
Skanki mwenye milia wa Amerika ya Kaskazini, anayefanana na kicheche wa Afrika ingawa si wa familia moja naye, hujificha chini ya vibaraza na mabanda ya watu, akivutwa na mabaki ya chakula. Anapotishwa hurusha, hadi mita 3 hivi, majimaji yenye thioli, yaani misombo ya salfa inayonuka mno. Na kwa kuwa baadhi ya kemikali zake hugeuka thioli zikikutana na maji, mbwa aliyekwisha kuoshwa hunuka upya akinyeshewa. Hatari kubwa zaidi, hata hivyo, ni kichaa cha mbwa, ugonjwa wa virusi unaoenezwa hasa kwa mate, skanki anapouma, wala si kwa majimaji hayo.