Msitu wa Klimt: Eti Kitenge!

Jamani, mabishano mengine bwana! Juzi niko geto kwa mshikaji wangu, nikakuta kalenda ukutani ina picha ya msitu: vigogo vyembamba vyeupe, chini majani makavu ya rangi ya machungwa. Nikasimama kama nimepigiliwa misumari. Jamaa akacheka, "Hiyo nayo picha? Kitenge hicho!"

Iliniuma, maana ile ni "Birkenwald", msitu wa mibetula, kazi ya Gustav Klimt wa Austria ya mwaka 1903. Wengi mnamjua Klimt kwa wale wadada zake waliozungukwa na dhahabu. (Baba yake alikuwa fundi wa nakshi za dhahabu, kwa hiyo usishangae.) Lakini wakati wa kiangazi alizoea kulitoroka jiji la Vienna na kwenda ziwa Attersee. Anaingia porini na kadibodi iliyotobolewa tundu la mraba, anachungulia, anachagua kipande, basi. Picha yenyewe nayo ni mraba, kama sentimita 110 kila upande, na vigogo vimekatwa juu utafikiri kapiga mpiga picha mlevi.

Sasa cheki mwanga. Jua hulioni, wala miale inayopenya matawini. Mwanga ameumwaga chini kwa vidoa: chungwa, kahawia, kijani kidogo, kidoa kando ya kidoa mpaka karibu na ukingo wa juu. Jicho halipati pa kutua, linatembea tu. Ni nakshi, sikatai. Nikamwambia, sawa kaka, kitenge, lakini kitenge gani kinamfanya mtu asahau chai inapoa?

Akabisha bado. Ndipo nikampa stori ya mwenye picha, Ferdinand Bloch-Bauer, tajiri wa sukari wa Vienna, Myahudi. Mwaka 1938 Wanazi walipoingia alikimbia, wakampora. Akafa 1945 hajarudishiwa. Warithi wake, akiwemo Maria Altmann, binti wa ndugu yake, waliipata mwaka 2006 baada ya kuidai miaka kibao. Mwaka 2022 ikapigwa mnada New York: dola milioni 104.6!

Mshikaji kimya. Akaisogelea kalenda, akaifuta vumbi kwa kiganja, taratibu.

"Na hii yangu je, wanaweza kunipa ngapi?"