Utakatifu wa Biblia haumo katika wino

Majuzi, baada ya mhadhara kuhusu misingi ya tafsiri, mwanafunzi mmoja wa mwaka wa pili alisubiri hadi wenzake walipotoka, kisha akanijia na swali ambalo bila shaka lilikuwa limemkera kwa siku nyingi. "Mwalimu," alisema, "umetufundisha kwamba kila mfasiri huchagua, na kila anayechagua huacha. Ikiwa Biblia niliyolelewa nayo ni kazi ya wafasiri, huo utakatifu wake unatoka wapi?" Aliuliza kwa sauti ya chini, mithili ya mtu anayechelea kusikika na nyanya yake.

Swali hili si lake peke yake. Walimu wa somo la dini ya Kikristo katika shule zetu za upili huulizwa mara kwa mara, na wengi hulikwepa kwa mojawapo ya njia mbili. Wapo wanaomnyamazisha mwanafunzi kwa kumwambia kuwa mambo ya Mungu hayahojiwi. Wapo pia wasomi wanaocheka na kumwambia kuwa Biblia ni kitabu kama kitabu kingine chochote, kwa hivyo aachane na hadithi za utotoni. Njia zote mbili humdhulumu mwanafunzi. Kuuliza si ujinga, na anayeuliza kwa moyo safi anastahili kujibiwa kwa ukamilifu.

Na tuanze na neno lenyewe. Kivumishi "takatifu" kimetokana na kitenzi "takata", yaani kuwa safi, kutokuwa na doa. Mswahili asikiapo "Biblia Takatifu", sikio lake humpeleka kwenye usafi, na usafi humpeleka kwenye dhana ya kitu kisichoguswa na mkono wa binadamu. Hapo ndipo mwanafunzi wangu alipokwama. Alipogundua kwamba mikono ya watu imepita katika kitabu hicho, aliona doa.

Lakini neno la Kiebrania linalotumiwa katika Agano la Kale kwa dhana hii huhusishwa na wataalamu wengi na maana ya kutengwa, kuwekwa kando kwa ajili ya Mungu. Kiswahili kina neno la kuibebea maana hiyo, nalo ni "wakfu". Mtu wa pwani anajua vyema wakfu ni nini. Nyumba ya wakfu imejengwa kwa mawe na chokaa kama nyumba ya jirani, na fundi aliyeijenga huenda alikuwa mtu wa kawaida kabisa. Hata hivyo, haiuzwi wala hairithiwi, kwa kuwa imetolewa kwa Mungu na manufaa yake ni ya watu. Si ajabu kwamba wafasiri wa Biblia waliliazima neno hili hili waliposema makuhani na vyombo vya hekalu "viliwekwa wakfu".

Tukishaielewa maana hii, dai la Wakristo linakuwa wazi zaidi. Mkristo hasemi kuwa karatasi na wino vina uwezo wa ajabu. Anasema kuwa Mungu aliyatwaa maneno ya watu akayafanya chombo cha kujitambulisha. Katika waraka wake wa pili kwa Timotheo, sura ya tatu, Paulo anatumia neno la Kiyunani linalounganisha Mungu na pumzi, akimaanisha kuwa maandiko yametoka katika pumzi ya Mungu. Pumzi ndiyo inayoipa sauti uhai, lakini haiufuti ulimi wa msemaji. Ndiyo maana Amosi anasikika kama mchungaji wa mifugo, naye Luka anafungua kitabu chake kwa kueleza jinsi alivyozichunguza habari zake kwa makini kabla ya kuziandika.

Aidha, kwa Mkristo, Neno la Mungu kwanza kabisa ni nafsi, yaani Yesu Kristo. Kitabu ni takatifu kwa kuwa kinamshuhudia yeye. Shahidi huheshimiwa kwa sababu ya ukweli anaoubeba, wala haabudiwi.

Kuna sababu nyingine ambayo walimu wengi huisahau, nayo ni jamii. Biblia haikushuka ikiwa imejaladiwa. Vitabu vyake vilisomwa kwa karne nyingi katika ibada, vikapimwa na watu waliokuwa tayari kuteswa kwa ajili yake. Baadhi, kama Waraka kwa Waebrania na Ufunuo, vilijadiliwa kwa muda mrefu. Orodha ya kale zaidi tuliyo nayo inayotaja vitabu vyote 27 vya Agano Jipya kama tuvijuavyo leo, bila kupunguza wala kuongeza, imo katika barua ya Pasaka ya Askofu Athanasio wa Aleksandria ya mwaka 367. Hadi leo Waprotestanti wana vitabu 66, Wakatoliki 73, na Kanisa la Orthodoksi la Ethiopia huhesabu 81. Mkristo aliyekomaa haoni aibu kwa historia hii. Anaamini kuwa Mungu aliyewatumia waandishi aliweza pia kuwatumia wasomaji.

Sasa tulirudie suala la tafsiri, ambalo ndilo kiini cha swali la mwanafunzi wangu. Kwa Waislamu, Kurani ni Kurani katika Kiarabu chake. Kazi kama ile ya Sheikh Abdallah Saleh al-Farsy ya mwaka 1969 huhesabiwa kuwa ufafanuzi wa maana yake. Wakristo walifuata njia tofauti tangu mwanzo. Wataalamu wengi hukubaliana kwamba Yesu alifundisha kwa Kiaramu, ilhali Injili zote nne zimetufikia kwa Kiyunani. Yamesalia maneno machache tu ya lugha yake, kama vile "Aba" na "Efatha", nayo Marko huyafasiri papo hapo. Kwa hivyo sehemu kubwa ya mafundisho ya Yesu ilitufikia ikiwa tayari imekwisha kufasiriwa. Mkristo anayeamini kuwa Neno alitwaa mwili hana sababu ya kushangaa Neno hilo likitwaa pia Kiswahili.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa Mombasa mwaka 1844, Johann Ludwig Krapf alipoanza kufasiri kitabu cha Mwanzo akisaidiwa na kadhi wa mji huo. Hivyo ndivyo ilivyokuwa Unguja, ambako Edward Steere alisimamia tafsiri ya Agano Jipya. Biblia nzima ya Kiunguja ilitoka mwaka 1891, ya Kimvita ikatoka mwaka 1914, na ile ya Muungano, inayosomwa na wengi hadi sasa, ikatoka mwaka 1952. Maneno yalibadilika kutoka toleo moja hadi jingine. Lau utakatifu ungekuwa umefungwa katika neno hili au lile, kila toleo jipya lingekuwa kufuru.

Msomaji aweza kuuliza: je, mjadala huu una faida gani nje ya darasa? Faida yake ni kubwa, na gharama ya kuupuuza tumeiona. Nchini Afrika Kusini, mwaka 1974, kanisa moja kuu la Makaburu lilitoa taarifa iliyotumia, pamoja na mengine, kisa cha Mnara wa Babeli kutetea utengano wa watu. Waliopinga ubaguzi huo, akina Desmond Tutu, walikuwa wakisoma kitabu hicho hicho. Hapa kwetu, mwaka 2023, miili zaidi ya 400 ilifukuliwa katika msitu wa Shakahola, Kaunti ya Kilifi. Upande wa mashtaka ulieleza kuwa waumini walihimizwa kufunga hadi kufa ili wakutane na Yesu. Anayemfundisha mtoto kwamba kitabu kitakatifu hakiulizwi swali anamwacha bila kinga mbele ya mtu yeyote atakayekishika mkononi na kudai kuwa yeye pekee ndiye sauti yake.

Mali ya wakfu ina msimamizi, lakini msimamizi huyo si mwenyewe. Akiigeuza kuwa yake, amekhini amana. Vivyo hivyo, Biblia imewekwa wakfu dhidi ya matumizi ya ubinafsi, na mhubiri anayeitumia kuwapora au kuwaua watu ndiye anayeitia najisi, si mwanafunzi anayeuliza imefasiriwaje.

Nilimjibu mwanafunzi wangu kwa ufupi zaidi ya hivi. Akanyamaza kidogo, kisha akaniambia kuwa nyanya yake hajui kusoma, lakini Biblia yake huiweka ndani ya leso safi, na kila jioni humwita mjukuu aje amsomee. Nikamwambia kuwa nyanya alifahamu somo hili kabla yetu. Leso ilionyesha kuwa kitabu kile kimetengwa, na kule kumwita mjukuu kulionyesha kuwa hakikutengwa ili kifungiwe.

Walimu wenzangu, tusiwaogope wanafunzi wanaouliza. Imani isiyoweza kustahimili swali la darasani haitastahimili msitu wa Shakahola.