Mkaa wa Vifuu na Hewa ya Ukaa

Kifuu cha nazi, ambacho katika pwani yetu, tangu Lamu hata Mtwara, kikishakunwa nazi yake aghalabu huishia kuwa kuni, au kikipata fundi hugeuzwa upawa na kata, kina sifa nyingine ambayo wataalamu wa kemia wameithamini kwa zaidi ya miaka 100. Ukikichoma mahali pasipo hewa ya kutosha kikawa mkaa, kisha ukaupitishia mkaa huo mvuke wa maji katika joto la nyuzi 800 hata 1,000 za Selsiasi, mvuke hula sehemu ya kaboni ukaigeuza gesi, na pale palipoliwa hubaki vitundu vidogo mno, vinavyopenyana kila upande. Gramu 4 tu za mkaa uliopikwa hivyo, zisizojaza kiganja, zina ndani yake uso wenye eneo la kiasi cha eka nzima.

Kwamba mkaa huvuta gesi ni jambo lililojulikana zamani: Scheele wa Sweden aliliona mwaka 1773, na Fontana wa Italia akalichunguza mwaka 1777. Walakini haja kubwa ilikuja Aprili 1915, Wajerumani walipofungulia gesi ya klorini huko Ypres, Ubelgiji. Mwaka huo huo Nikolai Zelinsky wa Urusi akatengeneza kinyago chenye mkaa ndani, na mwaka 1918 raia wa Marekani wakaombwa wakusanye kokwa za matunda na vifuu, kwa kuwa vitu vigumu namna hiyo ndivyo vitoavyo mkaa wenye vitundu vyembamba.

Wembamba huo ndio kiini cha habari hii. Molekuli ya hewa ya ukaa, gesi ambayo leo twataka kuinasa katika moshi wa viwanda, ina upana wa takriban nanometa 0.33, na nanometa ni sehemu moja katika bilioni ya meta. Ikiingia katika kitundu kisichozidi nanometa 0.8 au karibu na hapo, kuta za pande zote huivuta kwa pamoja, ilhali katika kitundu kipana huvutwa na ukuta mmoja tu, ikatikisika, ikaenda zake. Naitrojeni, ambayo ndiyo nyingi zaidi katika moshi wa viwandani, huvutwa kwa nguvu ndogo kuliko hiyo, na kwa tafauti hiyo mkaa huweza kuzitenga gesi hizi mbili. Mwaka 2011 Marta Sevilla na Antonio Fuertes, wa Oviedo nchini Hispania, walitangaza mkaa waliouunguza kutokana na vumbi la mbao za mikaratusi pamoja na potasiamu haidroksaidi, ambao gramu moja yake, katika joto la nyuzi 25 na kanieneo ya kawaida, ilibeba takriban gramu 0.21 za hewa ya ukaa safi. La kuzingatia ni kwamba, kati ya mikaa waliyoijaribu, ulioshinda haukuwa ule wenye uso mpana kuliko yote, bali ule uliounguzwa kwa kiasi, vitundu vyake vikabaki vyembamba.

Nami naona fadhila kubwa ya mkaa imo katika udhaifu wa mshiko wake. Njia iliyozoeleka ya kuinasa hewa ya ukaa, iliyopewa hataza mwaka 1930, ni kuosha moshi kwa maji yenye kemikali iitwayo amini. Amini huishika hewa ya ukaa kwa kifungo cha kemia, na kukifungua kifungo hicho hubidi maji yote yale yachemshwe hata kufikia nyuzi 120 hivi, jambo linalokula nishati nyingi ya kiwanda chenyewe. Mkaa haufungi fundo: ukipunguziwa kanieneo, au ukipashwa moto kidogo, huiachia gesi yake na kuwa tayari kwa zamu nyingine, na kwa hiyo minara miwili iliyojazwa mkaa hupokezana, mmoja ukivuta wakati mwenziwe anatapika.

Udhaifu huo huo, hata hivyo, una gharama yake. Katika hewa ya kawaida, ambamo hewa ya ukaa ni sehemu 4 tu na ushei katika kila 10,000, mkaa mtupu haufai kitu. Mahali pake ni kwenye dohani, ambamo gesi hiyo ni nyingi. Tena moshi huwa na mvuke, na unyevu ukizidi, maji huvijaza vitundu kabla ya mgeni aliyekusudiwa.

Kwetu pwani, dohani zinazonijia akilini ni za saruji, kama zile za Bamburi na za Wazo Hill, kwa maana zaidi ya nusu ya hewa ya ukaa itokayo katika tanuri la saruji haitokani na makaa wala gesi ya kuwashia, bali hutoka ndani ya jiwe la chokaa lenyewe linapounguzwa. Hata moto ukiwashwa kwa nguvu za jua, jiwe litatoa gesi yake vilevile. Lakini mkaa wa kazi hii sharti utokane na vifuu na takataka nyingine za shamba. Kukata mikoko au misitu ya bara ili kuusafisha moshi ni dhuluma ambayo hesabu yoyote ya haki itaikataa.

Na gesi ikishaachiliwa na mkaa yataka makazi, maana mkaa ni mchukuzi, si ghala. Huko Hellisheiði, nchini Iceland, huyeyushwa katika maji na kusukumwa chini ndani ya miamba ya basalti, na matokeo yaliyotangazwa mwaka 2016 yalionyesha kuwa sehemu kubwa mno iligeuka jiwe kabla ya kutimia miaka 2. Miamba ya namna hiyo, iliyomwagwa na volkeno, imetanda pia katika Bonde la Ufa.