Je, wajua shule ya ngoma huanzia sakafuni?

Ukitaka kumtambua msanifu majengo asiyewahi kucheza Bharatanatyam, ngoma ya jadi ya India, tazama chini. Langoni ataweka sanamu ya mungu Shiva, barazani nguzo za kuchongwa, kisha ukumbi wa mazoezi ataumwagia zege na kuubandika vigae vinavyong'aa. Inaudhi, maana atakayelipa ni goti la binti wa miaka 12.

Mchezaji huchuchumaa nusu, magoti kayatanua pembeni, akaikanyaga sakafu kwa unyayo mzima, peku. Hatui kwa kunyata. Kishindo ndicho kinachotakiwa. Sakafu ikiwa ngumu, kishindo hicho humrudia mwenyewe: kisigino, muundi, goti, kiuno. Na binti huyu anasoma shule ya bweni, kwa hiyo hufanya mazoezi asubuhi na jioni, miaka nenda miaka rudi.

Dawa ni mbao zilizopigiliwa juu ya boriti nyembamba zinazopishana, chini pakaachwa uwazi. Mguu ukitua, ubao hubonyea kiasi kisichoonekana kwa macho, kisha hurudi. Ila usilegee mno, kwani pigo litafifia kama ngoma iliyolowa. Mwalimu anagonga kipande cha mbao kwa kijiti, na lazima asikie kama unyayo na njuga vimeangukia palepale. Mchezaji wa Kathak, ngoma nyingine ya India, hufunga njuga 100 au zaidi kila mguu. Mtie kwenye ukumbi wenye mwangwi uone hesabu inavyovurugika.

Mafundi wa Kerala, kusini mwa India, walilijua hili zamani. Kuthambalamu, ukumbi wa hekaluni, una paa refu la mteremko mkali na kuta za fito za mbao zilizoachiana nafasi: upepo unapita, sauti haigandi ndani. Kerala Kalamandalam, shule iliyoanzishwa mwaka 1930, ina ukumbi wa namna hiyo. Shule ya Kalakshetra ya Chennai, iliyoasisiwa na Rukmini Devi Arundale mwaka 1936, nayo ilifuata mtindo huo ilipojenga jumba lake la maonyesho.

Protima Bedi, mchezaji wa Odissi, nayo ngoma ya India, alipofungua shule ya Nrityagram nje ya Bangalore mwaka 1990, msanifu Gerard da Cunha alijenga kwa mawe na udongo. Wanaosomba marumaru kutoka mbali wakaangalie pale.

Yaliyobaki hayana maajabu: mabweni yenye kivuli, bafu karibu na ukumbi maana jasho si haba, chumba kikavu cha kuhifadhia ngoma za ngozi, bustani ya mboga. Ukumbi wenyewe utafaa yoga, maonyesho, mikutano, hata kulaza wageni, mradi viatu vibaki nje.