MALIPO YA MWANACHAMA MZEE AU MGONJWA: NI NANI APOKEE?

Msimu wa malipo unapofika, si ajabu Katibu wa Chama kumwona kijana mbele ya meza yake, ameshika kitabu cha uanachama cha babaye, akidai kuwa mzee hajiwezi na fedha zikabidhiwe kwake. Katibu akikubali kwa huruma tu, huenda chama kikadaiwa kulipa mara ya pili. Akikataa bila kuchunguza, mzee atalala njaa. Yafaa basi kila chama kielewe sheria za Tanzania zasemaje.

Kwanza, uzee si kupotewa na akili. Sheria ya Mikataba (Sura ya 345) haimpimi mtu mzima kwa wingi wa miaka yake. Yauliza kama wakati wa kupatana aweza kuelewa jambo na kupima faida na hasara yake. Mwanachama aliyepofuka, aliyepooza au asiyejua kusoma angali mwenye mali yake. Chama kimfuate nyumbani, asomewe hati kwa lugha aielewayo, kisha atie dole gumba mbele ya shahidi asiye na maslahi katika fedha hizo.

Pili, mwanachama mwenye akili timamu aweza kumteua wakala kwa hati ya uwakilishi. Hati itaje wazi kazi ya wakala. Ruhusa ya kupokea malipo ya mazao si ruhusa ya kuuza shamba wala kukopa kwa jina la mzee.

Tatu, na hapa ndipo penye hatari, aliyetoa hati akipotewa na akili, uwakala hukoma kama unavyokoma akifa. Uchukuliwe mfano wa mkulima wa kahawa aliyemwandikia mwanawe hati, na miaka mitatu baadaye maradhi yakamwondolea kumbukumbu hata hamtambui mkewe. Karatasi ile, ijapokuwa ina saini na muhuri, haina nguvu tena. Chama kinachoijua hali hiyo kikaendelea kulipa kitakuja kuulizwa. Jamaa hawana budi kwenda Mahakamani, kwani Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2008 imeweka utaratibu wa kumteua msimamizi wa mali ya mgonjwa. Kabla ya amri hiyo, fedha zibaki katika hesabu ya mwanachama.

Nne, mrithi aliyeandikishwa chamani hana haki ya kuchukua kitu mwanachama akiwa hai. Haki yake huanza mwanachama akifariki.

Shauri la Mahakama huchukua muda na gharama, na mke anayemuuguza mzee ndiye huumia kwa kungoja. Kwa hiyo makatibu wanashauriwa kulieleza jambo hili katika mkutano mkuu, ili jamaa wasingoje msimu wa malipo ndipo waanze kutafuta amri. Wazee nao, wangali na fahamu zao, watengeneze hati zao na kuhakikisha majina ya warithi wao. Mtu aliyelima maisha yake yote hastahili jasho lake liliwe na mwingine siku asiyoweza kusema.