Mlengwa wa Kejeli katika Shamba la Wanyama
Mtawala wa kiimla huweza kupendekeza kejeli ya kisiasa maadamu mlengwa wake yuko kwingine. Animal Farm (1945) ya George Orwell ililenga Urusi ya Stalin. Katika Vita Baridi, Marekani na Uingereza ziliieneza dhidi ya ukomunisti. Tafsiri ya Fortunatus Kawegere, Shamba la Wanyama, ilichapishwa Nairobi mwaka 1967, mwaka wa Azimio la Arusha. Kwa msomaji aliyezoea ngano za sungura na fisi, kuanzia Bumbire hadi Lamu, nguruwe hao wangeweza kuwa viongozi wa kwao. Mwaka 1991 Kenya, mshirika wa nchi za Magharibi, ilipiga marufuku mchezo wa kuigiza uliotokana na kisa hicho. Yaonekana, basi, kuwa mlengwa wa kejeli huamuliwa pia na hadhira.