Nani Alaumiwe kwa Kuvunjika kwa Maridhiano ya Vyama Marekani? (Sehemu ya Pili)

Katika sehemu ya kwanza ya makala haya ilielezwa namna Bunge la Marekani, lenye Baraza la Wawakilishi la wajumbe 435 na Baraza la Seneti la wajumbe 100, linavyotunga sheria, na jinsi katiba ya nchi hiyo, kwa kugawa madaraka kati ya mabaraza hayo mawili na rais, inavyokifanya chama kimoja kishindwe kwenda mbali bila mkono wa kingine. Sehemu hii inashughulikia swali ambalo wanasiasa wa huko hulijibu kwa kutupiana mpira kila mkwamo unapotokea: ikiwa maridhiano ya vyama yamedhoofika kiasi hiki, ni nani hasa anayestahili lawama?

Kabla ya kidole kunyooshwa kwa yeyote, inafaa ieleweke kwamba ushirikiano ule unaokumbukwa sasa kwa majonzi ulikuwa na msingi wenye doa kubwa. Kwa miongo mingi ya karne ya 20 chama cha Democratic kiliwaweka pamoja wafanyakazi wa viwanda vya kaskazini na wanasiasa weupe wa kusini waliotetea ubaguzi wa rangi, huku chama cha Republican nacho kikiwa na wahafidhina pamoja na watu wa msimamo wa kiliberali wa New York na New England, kiasi kwamba kila mswada mzito ulipata marafiki na maadui katika vyama vyote viwili. Sheria ya Haki za Kiraia ya mwaka 1964 ndiyo ushahidi mkubwa wa mchanganyiko huo. Maseneta wa kusini waliizuia kwa filibasta, yaani utaratibu unaowawezesha wajumbe wachache wa Seneti kurefusha mjadala bila kikomo ili mswada usifikie kura, na mjadala huo haukufungwa mpaka tarehe 10 Juni, kwa kura 71 dhidi ya 29, baada ya kiongozi wa maseneta wa Republican, Everett Dirksen wa Illinois, kuwavuta wenzake upande wa sheria hiyo. Mwishowe maseneta 27 kati ya 33 wa Republican waliipitisha, pamoja na 46 kati ya 67 wa Democratic. Lakini mchanganyiko huohuo ndio uliokuwa umewapa watetezi wa ubaguzi nguvu ya kuzima sheria za aina hiyo kwa miaka mingi, na gharama ya ukimya wa vyama juu ya jambo hilo ililipwa na Wamarekani weusi.

Baada ya 1964 weupe wa kusini walihamia polepole chama cha Republican, na waliberali wa kaskazini mashariki wakaelekea Democratic, hata kila chama kikabaki na watu wanaofikiri takriban namna moja. Jambo hilo lilikuwa limeombwa na wataalamu wenyewe: mwaka 1950 kamati ya chama cha wanazuoni wa sayansi ya siasa wa Marekani ilitoa ripoti iliyolalamika kwamba vyama havikuwa na mipango inayotofautiana vya kutosha, kwa hiyo mpiga kura hakuwa na uchaguzi wa kweli. Sehemu ya kinachoitwa leo kifo cha maridhiano, basi, ni matokeo ya watu kujipanga upya kulingana na imani zao, na kwa sehemu hiyo si haki kumtafuta mkosaji.

Hata hivyo, kujipanga huko kunaeleza kwa nini watu wanatofautiana. Hakuelezi kwa nini wanakataa hata wanachokubaliana. Chama cha upinzani kina haki kamili ya kupigia kura ya hapana jambo kisiloliamini. Mwaka 2010 hakuna mbunge hata mmoja wa Republican aliyeikubali sheria ya bima ya afya ya Rais Barack Obama ilipopita Baraza la Wawakilishi kwa kura 219 dhidi ya 212, na mwaka 2017 hakuna mbunge hata mmoja wa Democratic aliyeikubali sheria ya kodi ya Rais Donald Trump. Kura za namna hiyo peke yake hazithibitishi kosa la upande wowote. Kipimo kilicho bora zaidi ni kutazama kinachotokea pale mpinzani anapokubali sharti ulilomwekea wewe mwenyewe.

Kwa kipimo hicho, mizani inaegemea upande mmoja. Januari 2010 Seneti ilipigia kura pendekezo la kuunda tume ya vyama vyote viwili ya kupunguza deni la taifa, pendekezo ambalo Obama alikuwa ametangaza siku chache kabla kwamba analiunga mkono. Lilipata kura 53 dhidi ya 46, pungufu ya 60 zilizohitajika ili lipite, na miongoni mwa waliolikataa walikuwemo maseneta 7 wa Republican waliokuwa wametia saini zao kama wadhamini wake. Wapo maseneta wengi wa Democratic waliolikataa pia, lakini wale 7 walikataa maandishi yao wenyewe.

Tukio la Februari 2024 linaonyesha hayo kwa uwazi zaidi. Maseneta wa Republican walikuwa wametamka kwamba hawataidhinisha msaada wa Ukraine hadi mpaka wa kusini na Mexico ubanwe, na Wademocrat, ambao kwa miaka mingi walidai kwamba hatua za mpakani ziende sambamba na njia ya uraia kwa wahamiaji wasio na hati, safari hii walikubali kujadili bila sharti hilo. James Lankford, seneta wa Republican kutoka Oklahoma na mhafidhina asiyetiliwa shaka, alikaa miezi kadhaa na Chris Murphy wa Democratic na Kyrsten Sinema asiye na chama, wakaandika mswada wa dola bilioni 118 ambao uliungwa mkono hata na chama cha wafanyakazi cha askari wa mpakani. Ulichapishwa tarehe 4. Trump, aliyekuwa anawania tena urais na kulifanya suala la mpaka kuwa nguzo ya kampeni yake, aliwataka wabunge wa chama chake waukatae, na tarehe 7 ukaanguka kwa kura 49 dhidi ya 50, ukiungwa mkono na maseneta 4 tu wa Republican, Lankford akiwa mmojawapo. Kilichokuwa sharti mwezi Novemba uliotangulia kilikuwa kosa mwezi Februari, na hakuna kilichobadilika isipokuwa hesabu za uchaguzi.

Mwenendo huo una historia. Newt Gingrich, aliyechaguliwa kuwa mbunge wa Georgia mwaka 1978, aliona mapema kwamba chama kilichokaa katika uchache kwa miongo kadhaa hakingeshinda kwa kuwasaidia walio wengi kutunga sheria nzuri, bali kwa kuwaaminisha wananchi kwamba Bunge lenyewe limeoza. Mwaka 1994 mkakati huo ulikiletea chama chake viti 54 zaidi na kumaliza miaka 40 ya Democratic kulishika Baraza la Wawakilishi, na ushindi mkubwa namna hiyo haukosi waigaji. Ndiyo maana Thomas Mann na Norman Ornstein, watafiti wa taasisi mbili zenye mielekeo tofauti, walipoandika mwaka 2012 kwamba mzigo mkubwa wa lawama uko kwa Republican, waliungwa mkono na wengi. Mwanazuoni Frances Lee ameongeza jambo ambalo halipaswi kupuuzwa: tangu 1980 udhibiti wa Bunge umekuwa ukibadilika mara kwa mara, na chama kinachoamini kuwa ushindi uko uchaguzi mmoja tu mbele hakioni faida ya kumpa mpinzani mafanikio ya kujivunia.

Chama cha Democratic nacho hakina mikono safi. Mwaka 2022 kamati yake ya kampeni za Baraza la Wawakilishi ililipia tangazo lililomsaidia John Gibbs, mgombea aliyekuwa akiungwa mkono na Trump, kumwangusha Peter Meijer katika kura za mchujo za Republican huko Michigan, yaani zile ambazo Tanzania huitwa kura za maoni. Meijer alikuwa mmoja wa wabunge 10 wa Republican waliopiga kura ya kumshtaki Trump baada ya uvamizi wa Bunge wa tarehe 6 Januari 2021. Chama kilichokuwa kikilia kwamba upande wa pili hauna watu wa kuzungumza nao kilitumia fedha zake kumwondoa mmoja wao, na kiti kile kikachukuliwa na Democratic. Ilikuwa hila ya aibu, hata kama ilifanikiwa.

Hukumu ya haki, kwa hiyo, ni kwamba mazingira yanavishawishi vyama vyote viwili, ila kimoja kimeshawishika mapema zaidi na kimekwenda mbali zaidi, nacho ni Republican.

Msomaji wa Afrika Mashariki ana sababu ya kulifuatilia jambo hili. Mwaka 2003 Rais George W. Bush alitia saini sheria iliyoanzisha mpango wa PEPFAR wa kupambana na UKIMWI, kwa ahadi ya dola bilioni 15 katika miaka mitano, na Kenya, Tanzania, Uganda na Rwanda zikawa miongoni mwa nchi zilizolengwa kwanza kwa dawa za kupunguza makali ya VVU. Baraza la Wawakilishi liliipitisha kwa kura 375 dhidi ya 41, na sheria ikahuishwa mwaka 2008, 2013 na 2018 bila vita vya vyama. Mwaka 2023 Chris Smith, mbunge wa Republican wa New Jersey ambaye ndiye aliyewasilisha mswada wa 2018, alipinga kuihuisha kwa miaka mingine mitano bila masharti mapya, akidai kwamba serikali ya Joe Biden inaitumia kueneza utoaji mimba, ingawa sheria za Marekani zilikuwa zimekwisha kukataza fedha hizo kulipia huduma hiyo. Wademocrat walikataa masharti hayo, muda wa sheria ukaisha tarehe 30 Septemba 2023, na Machi 2024 Bunge likairefusha kwa mwaka mmoja tu, hadi tarehe 25 Machi 2025. Tarehe hiyo ilipita bila sheria mpya.